TEVAR ya dharura kwa anayeanza: kuanzia picha ya CT mpaka kufunga kinena

Kila kundi jipya likiingia zamu maswali kuhusu TEVAR (kutengeneza aota ya kifua, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kwa bomba linaloingizwa kupitia mshipa) ni yaleyale. Saizi ya grafti, yaani hilo bomba, inachaguliwaje, mshipa wa mkono wa kushoto unaruhusiwa kufunikwa au ni mwiko, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) unampaje mtu ambaye kifua kimeshajaa damu, na lile la saa nane usiku: huyu tumpandishe thieta sasa hivi au asubuhi? Nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja, niwe natuma hii tu.

Hii ni kwa daktari anayejifunza mishipa au redioloji, nesi wa thieta, na mtu wa usingizi ambaye hajawahi kukaa kwenye kesi ya namna hii. Haitakufanya ukafanye peke yako. Itakusaidia usiwe mzigo ukisimama pembeni ya bosi, na siku ukishika waya mwenyewe ujue kwa nini anakufokea.

Nadharia ni kidogo sana. TEVAR ni kuweka bomba la kitambaa lenye fremu ya chuma, linaingia likiwa limebanwa kupitia mshipa wa paja, linapandishwa mpaka aota ya kifua, linafunguliwa pale palipopasuka au kuchanika ili damu ipite ndani ya bomba na sio kwenye tundu. Daktari Volodos alishaweka la kwanza kule Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, daktari Dake na wenzake wa Stanford, Marekani, wakaanza 1992, na kabla ya hapo mgonjwa wa hivi alikuwa anafunguliwa ubavu, aota inabanwa klampu, unashona huku unaomba. Kwa hiyo usikubali kuambiwa hii ni kazi ndogo eti kwa sababu kidonda ni kidogo.

Na kitu kimoja kishike kabla hujasoma hatua. Kazi kubwa ya TEVAR ya dharura inafanyika kwenye skrini ya CT, kabla sindano haijagusa ngozi. Grafti ikishafunguka huwezi kuikunja tena uirudishe. Dakika kumi za kupima vizuri hazijawahi kuwa tatizo, tatizo ni yule anayekimbilia kinena hajajua atatua wapi.

Nani anafaa, nani hafai

Wanaofaa ni hawa: aneurizimu (mshipa uliotanuka kama puto) ya aota ya kifua inayoshuka iliyopasuka au inayovuja, disekshoni (utando wa ndani wa aota umechanika, damu ikajitengenezea njia ya pili ndani ya ukuta) ya aina B, ile isiyogusa aota inayopanda, yenye matatizo, yaani imepasuka, au imekosesha damu utumbo, figo au mguu, au maumivu hayakomi na presha haishuki hata ukimwaga dawa, jeraha la aota la ajali, na kidonda kinachopenya ukuta wa aota au hematoma (damu iliyokwama) ya ukuta inayokua.

Jeraha la ajali lina madaraja manne. La 1 ni mchaniko wa utando wa ndani tu, hilo unashusha presha na kurudia picha. La 2 ni damu ndani ya ukuta, hapo watu wanabishana, wengi wanasubiri kwanza. La 3 ni aneurizimu bandia na la 4 ni kupasuka kabisa, hayo yanawekewa grafti, la 4 mara moja. La 3 likiwa limetulia na huku wengu unavuja au kichwa kina damu, anza na kinachoua kwanza, aota itasubiri masaa ikiwa presha umeishika.

Asiyefaa ni mwenye disekshoni ya aina A, ile inayogusa aota inayopanda. Huyo ni wa kufunguliwa kifua na watu wa moyo, na kila saa inayopita inamgharimu. Naomba usiniletee mgonjwa mezani kabla mtu mwenye macho mazuri hajaiangalia aota inayopanda kwenye picha na kusema iko salama. Wenye Marfan (ugonjwa wa kurithi unaolegeza kuta za mishipa) na magonjwa yanayofanana nayo nao ni wa kufikiria mara mbili, kuta zao haziishikilii grafti vizuri, kwao mara nyingi ni daraja la kumvusha tu. Vivyo hivyo tundu kati ya aota na umio: grafti inazuia kufa leo lakini bakteria wapo palepale, kazi ya kweli inakuja baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya CT angio (CT ya mishipa iliyopigwa na kontrasti, dawa ya kung'arisha damu) yenye slaisi za mm 1 au chini, na kompyuta inayoweza kuinyoosha aota kwenye mstari wa katikati. Kupima kwenye filamu iliyochapishwa usithubutu.
- Grafti kwenye rafu, saizi zilizopo zimeandikwa ukutani. Zinaenda kuanzia mm 21 hivi mpaka 46. Siku ya dharura unatumia kilichopo, sio unachokitamani.
- Waya laini wa inchi 0.035, waya mgumu sana wenye ncha iliyopinda, katheta (mrija mwembamba) ya pigitaili, yenye ncha iliyojikunja na alama za sentimita, shithi (mirija ya kupitishia vifaa) kubwa na ndogo.
- Vifaa vya kufungia mshipa kwa nyuzi kupitia ngozi, viwili kwa kila tundu kubwa.
- Puto laini la aota. Hili ni la kukuokoa, sio la kutumia kila mara.
- Stenti (vibomba vya waya) zenye kitambaa za iliaki (mshipa wa nyonga unaopeleka damu pajani), na grafti ya Dakroni (kitambaa cha kushonea mshipa) ya mm 10 endapo mshipa wa paja ni mdogo.
- Ultrasaundi ya kuchomea, na ile ya ndani ya mshipa kama mnayo. Kama hamna, mtu wa usingizi mwenye ultrasaundi ya umio ni dhahabu.
- Damu iliyokrosmachiwa (iliyopimwa kuwa inamfaa mgonjwa) ikiwa ndani ya thieta. Damu iliyoko benki ya damu haihesabiki.
- Mtu wa kufungua kifua au tumbo anayejua kwamba kesi inaendelea.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha picha inafaa. Ianzie shingoni ishuke mpaka kwenye vichwa vya mifupa ya paja. Picha ya kifua peke yake haikuambii kama iliaki inapitika, wala mishipa ya vertebrali (inayopanda shingoni kwenda nyuma ya ubongo) ikoje, na hayo mawili yanaweza kubadilisha mpango mzima. Kwenye disekshoni omba na awamu ya pili ya kuchelewa, na kama mashine inaweza kufuata mapigo ya moyo ifuate, manake mtikisiko wa moyo unachora mstari kwenye aota inayopanda unaofanana kabisa na disekshoni.

2. Presha: jua una mgonjwa wa aina gani. Hapa ndo wengi wanachanganya. Mwenye disekshoni unamshusha: mapigo chini ya 60, presha ya juu kati ya 100 na 120, na maumivu unayaua kwa mofini au fentanili manake maumivu yenyewe yanapandisha presha. Beta bloka (dawa ya kupunguza kasi ya moyo) inatangulia, esmololi au labetaloli, halafu ndo dawa ya kutanua mishipa kama bado iko juu. Ukianza na ya kutanua moyo unakimbia na kila pigo linaichana aota zaidi. Aliyepasuka ni kinyume, yeye ameshashuka mwenyewe, usimjaze maji ya dripu kutafuta 120. Akiwa anaongea na anakujibu, 80 mpaka 90 inatosha mpaka grafti ikae. Na ukiona kifua cha kushoto kimejaa damu usikimbilie kuweka bomba, ile damu iliyojaa ndiyo inayobana tundu, ukiitoa unafungua bomba la maji. Bomba la kifua ni baada ya grafti, isipokuwa hapumui kabisa.

3. Pima, halafu mwenzako apime bila kuona namba zako. Unatafuta vitu vitatu: kipenyo, urefu wa eneo la kutua, na njia ya kupanda.

Eneo la kutua ni kipande cha aota nzima, isiyo na donge la damu wala mchaniko, cha angalau mm 20, juu na chini ya tatizo. Pima kipenyo sehemu tatu za kipande hicho, kwenye mkato ulionyooka na mstari wa katikati, sio kwenye slaisi ya kawaida, manake kwenye tao aota inapita kwa ulalo na utasoma mm 38 mahali palipo 31. Soma na karatasi ya kampuni, wengine wanataka upime ndani kwa ndani, wengine nje kwa nje.

Kisha ongeza saizi kulingana na ugonjwa. Aneurizimu asilimia 10 mpaka 20. Disekshoni 0 mpaka 10, na unapima aota nzima iliyoko juu ya mchaniko, sio njia ya kweli (ile ya asili ya damu) iliyobanwa kule chini. Ajali usipite 10 hivi.

Lakini ajali ina mtego wake na nataka tukae hapa kidogo. Kijana kapoteza damu, presha 75, ndo kaingizwa kwenye CT. Aota ya kijana ni ya kunyumbulika, ikikosa damu inasinyaa kama mpira wa kumwagilia ukikata maji. Unasoma mm 19. Unatafuta grafti ya 21, unaiweka inakaa vizuri, damu inarudishwa, presha inapanda 120, aota inarudi saizi yake ya kweli na grafti inabaki inaelea, damu inapita pembeni. Kwa hiyo kama picha ilipigwa akiwa kwenye shoki, pima tena kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa baada ya kumjaza damu, na kama hamna hiyo basi angalau jua kwamba namba uliyonayo ni ndogo kuliko ukweli na uchague huku ukijua hivyo. Kinyume chake pia kinaua: grafti kubwa kupita kiasi kwenye tao jembamba lililokunjika inajikunja yenyewe, na mgonjwa anakuwa hana damu kuanzia kifuani kwenda chini.

Njia ya kupanda ndiyo rahisi. Shithi ya frenchi 24 ina kipenyo cha mm 8, gawa kwa 3 tu. Iliaki yenye mm 6 na chokaa pande zote haitakupitisha hata ukisukuma kwa hasira.

4. Amua kuhusu sabklavia ya kushoto (mshipa wa mkono wa kushoto) sasa, sio mezani. Tao limegawanywa zoni: 0 ni aota inayopanda mpaka tawi la kwanza, 1 inaishia karotidi ya kushoto (mshipa wa shingoni kwenda ubongo), 2 inaishia sabklavia ya kushoto, 3 ni kipande kifupi baada ya hapo na 4 ndo inashuka. Majeraha mengi ya ajali yako palepale chini ya sabklavia, na disekshoni nyingi za B zinaanzia hapohapo, kwa hiyo ukitaka mm 20 safi mara nyingi lazima utue zoni 2 na kuifunika.

Je, unaruhusiwa? Kwa dharura ndiyo, wengi wanavumilia, mkono unapata damu kwa njia ya vertebrali. Ila kuna watu usiwafunike bila kuwapa njia nyingine: aliyefanyiwa baipasi (njia ya pembeni ya damu) ya moyo ikatumia ateri ya ndani ya kifua ya kushoto, ukifunika unampa shambulio la moyo, ambaye vertebrali ya kushoto ndiyo kubwa au ndiyo pekee, mwenye fistula ya dialisisi (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu) mkono wa kushoto, na ambaye utafunika aota ndefu au alishawekewa grafti ya tumboni, huyo uti wa mgongo unaitegemea sana hiyo sabklavia. Kama anakufa sasa hivi, funika kwanza, baipasi ya karotidi kwenda sabklavia mtafanya akishatulia. Kama kuna saa moja ya kupumua, baipasi itangulie.

5. Mlaze na umtayarishe. Laini ya ateri (mrija wa kupima presha) inawekwa mkono wa KULIA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaweka kushoto, grafti inafunika sabklavia, skrini inaonyesha presha 40 na watu wanaanza kumwaga adrenalini kwa mgonjwa ambaye hana shida. Paka dawa kuanzia shingoni mpaka magotini, kinena zote mbili na mkono wa kushoto. Kwa aliyepasuka, paka na funika mashuka kabla ya kumlaza usingizi, manake dawa za usingizi zikiingia presha inaweza kuanguka na unahitaji kuwa kinena ndani ya dakika moja. Wengine wanaanza kwa ganzi ya kinena tu, na ni wazo zuri mgonjwa akitulia.

6. Choma kinena kwa ultrasaundi. Ukuta wa mbele, juu ya kichwa cha mfupa wa paja, kabla ateri haijagawanyika. Choma upande wenye iliaki nzuri kwa grafti, upande wa pili au mkono wa kushoto kwa pigitaili. Weka vifaa vyako viwili vya nyuzi sasa kabla ya shithi kubwa, kimoja ukigeuzie saa nne (namba 10 kwenye uso wa saa) kingine saa nane (namba 2) upande wa pili, yaani kila kimoja kilale kwa pembe yake visikae mstari mmoja. Ukuta wa mbele ukiwa na chokaa tupu achana na nyuzi, fungua kinena kwa kisu, hakuna aibu.

7. Pandisha waya na uthibitishe uko njia ya kweli. Kwa aneurizimu na ajali hii ni dakika mbili. Kwa disekshoni ndo moyo wa kesi. Aota ina njia mbili na waya haukuambii uko ipi, unaweza kuingia njia ya kweli kinenani, ukavukia ya bandia tumboni kupitia tundu dogo, ukarudi ya kweli kifuani, na ukifungua grafti hapo umemuua.

Panda polepole na pigitaili, na kila ngazi piga kontrasti kidogo: nyonga, figo, kifua, tao. Njia ya kweli kontrasti inaingia na kuondoka kwa kasi na matawi yanawaka. Njia ya bandia inaingia, inasita, inazunguka palepale kama haijui pa kwenda, na matawi unayoyategemea huyaoni. Ultrasaundi ya ndani ya mshipa ikiwepo ndiyo inayomaliza ubishi, ya umio pia inaona waya vizuri kifuani. Ukiwa na shaka shuka uanze upya.

Ukishathibitisha, badilisha kwenda waya mgumu, na unaupitisha NDANI ya katheta, kamwe sio wenyewe. Ncha yake ikae aota inayopanda juu ya vali. Mtu mmoja apewe kazi moja: kuangalia ile ncha, manake kila ukisukuma kitu chini ncha inasogea juu, na ikiingia ventrikali (chumba cha moyo) ikatoboa utakuwa na tatizo jipya kabisa.

8. Heparini. Kawaida yuniti 100 kwa kilo, ACT (kipimo cha muda wa damu kuganda) ipite sekunde 250, rudia kupima kila nusu saa. Aliyepasuka au wa ajali mwenye damu kichwani unapunguza, nusu au chini ya hapo, na kuna wanaoacha kabisa kesi ikiwa fupi. Ukiacha, shithi isikae ndani muda mrefu na isafishwe mara kwa mara.

9. Safisha grafti, ipandishe, weka pembe. Safisha kwa maji ya chumvi yenye heparini mpaka hewa yote itoke, usilipue hatua hii, hewa iliyobaki inaenda kwenye ubongo. Grafti ikifika kwenye tao, geuza si-amu (mashine ya eksirei ya thieta) kushoto kwa mbele, digrii 45 mpaka 60, au pembe kamili uliyoitoa kwenye CT, ili tao lifunguke na matawi yasipandane. Simamisha pumzi, piga mL 30 hadi 40 kwa kasi ya mL 20 kwa sekunde, weka alama kwenye skrini, na kuanzia hapo meza haisogezwi. Mtu akiegemea meza mm 5 zimeondoka.

10. Shusha presha, fungua. Shusha mpaka 80 au 90 ya juu, au mpigishe moyo mbio kwa pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo) kama 180 kwa dakika, kwa muda wa sekunde chache, ili mkondo wa damu usiisukume grafti mbele. Aliyepasuka ameshashuka, huna haja. Sukuma waya kidogo ili grafti ilalie ukuta wa nje wa tao, kisha fungua ukiangalia ukingo wa kitambaa. Angalia kitambaa, sio chuma: grafti nyingine zina chuma kitupu mbele kinachoruhusiwa kuvuka tawi, kitambaa hakiruhusiwi. Ikibidi grafti mbili zipandane angalau sm 5. Chini hakikisha siliaki (tawi la aota la ini, tumbo na wengu) iko wazi.

11. Picha ya mwisho. Nyoosha pigitaili kwa waya kabla ya kuitoa, ukiivuta ikiwa imejikunja itanasa kwenye fremu na utaburuta grafti yako mpya. Irudishe ndani ya grafti, piga. Unauliza: karotidi ziko wazi? tundu limefungwa? chini matawi yanawaka? Kwenye disekshoni ya ghafla USIPULIZE PUTO, si juu si chini, ukuta ni mlaini na unaweza kuichana irudi nyuma iwe aina A. Kwenye ajali pia tulia, puliza tu kama kuna uvujaji wa kweli ukingoni.

12. Toa na ufunge. Waya unabaki ndani mpaka uone presha imekaa baada ya shithi kutoka. Kaza nyuzi, toa waya, pima mapigo ya miguu yote miwili kabla mashuka hayajaondolewa.

13. Masaa ya mwanzo. Mwamshe mapema. Usimwambie "chezesha vidole", mwambie ainue mguu mzima kitandani, kila mguu peke yake, kila saa, na iandikwe. Aliyefunikwa aota ndefu presha ya wastani isishuke chini ya 80 au 90, tundu sasa limefungwa na uti wa mgongo unahitaji damu kuliko grafti inavyohitaji huruma yako. Angalia mkojo, laktati (hupanda kwenye damu viungo vikikosa damu), tumbo, mkono wa kushoto. CT kabla hajaruhusiwa, halafu mwezi 1, miezi 6, mwaka, na kila mwaka.

Ikienda kombo

*Shithi haipandi.* Acha kusukuma. Jaribu kutanua taratibu kwa dileta, ikikataa fungua juu ya kinena ushone Dakroni ya mm 10 kwenye iliaki upitie hapo.

*Presha inaporomoka wakati unatoa shithi.* Iliaki imechanika mpaka uthibitishe vinginevyo. Rudisha shithi au puto juu kupitia waya ulioubakiza, ikishatulia weka stenti yenye kitambaa. Ndiyo sababu ya kuacha waya.

*Kitambaa kimefunika karotidi ya kushoto.* Usijaribu kuivuta grafti. Choma karotidi kutokea shingoni, panda na waya kurudi kwenye aota, weka stenti pembeni ya grafti. Haraka, ubongo unasubiri.

*Bado inavuja.* Ikivuja kwenye ukingo wa juu au wa chini hiyo ni endoliki (damu kuvuja nje ya grafti) ya aina ya I, usitoke mezani nayo, ongeza kipande au puliza kidogo pale inaporuhusiwa. Aina ya III ni kati ya grafti mbili, nayo unaifunga. Aina ya II, damu inarudi kwa tawi, mara nyingi sabklavia uliyoifunika: kwa aliyepasuka izibe kwa plagi kutokea mkononi, wengine unaweza kufuatilia.

*Hawezi kuinua miguu.* Inaweza kuja hata siku ya pili au ya tatu alipokuwa anatembea vizuri. Pandisha presha ya wastani juu ya 90 papo hapo, hemoglobini ifike 10, oksijeni, kisha katheta ya maji ya uti wa mgongo, mradi heparini imeisha na chembe sahani zinatosha. Presha ya maji ishikwe kwenye mmHg 10, usitoe zaidi ya mL 10 mpaka 15 kwa saa, ukizidisha mishipa ya kichwani inachanika. Ukiwahi wengi wanarudi, ukingoja picha ya MRI kwanza umechelewa.

*Tundu limefungwa lakini utumbo au mguu bado hauna damu.* Utando ulikuwa unaingia kwenye tawi lenyewe, kufungua njia ya kweli peke yake hakutoshi. Stenti ya tawi. Laktati ikiendelea kupanda na tumbo limekaza mwite wa tumbo afungue aangalie.

*Mkono wa kushoto wa baridi.* Baridi kidogo na mapigo hafifu bila maumivu, subiri. Ganzi, maumivu, vidole vyeupe, au kizunguzungu kila akiutumia, baipasi.

*Homa siku ya pili na seli nyeupe zimepanda.* Mara nyingi ni mwili unaipokea grafti, inaisha yenyewe. Chukua damu ya kuotesha kabla ya kuamini hivyo.

*Maumivu mapya ya kifua, siku yoyote.* CT usiku huohuo, na kitu cha kwanza kuangalia ni aota inayopanda, manake disekshoni ya kurudi nyuma inaweza kuja wiki kadhaa baadaye na haimpi mtu nafasi ya pili ya kuja kliniki. Mwambie mgonjwa na anayemuuguza maneno hayohayo kabla hawajaondoka wodini, na uandike kwenye karatasi yao jina na saizi ya grafti aliyowekewa.